Shajara ya mradi: zana za kupanga kazi katika kikundi cha sabuni ya mwani, Micheweni

Aprili, maji mafu (siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana)

Kikundi chetu kinatengeneza sabuni ya mwani hapa Micheweni, Pemba. Mwani tunaulima na kuuvuna wenyewe, mafuta ya nazi tunayanunua vijijini, na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ya kutia harufu tunayafuata Chake Chake. Wanunuzi wakubwa wako Unguja: maduka ya Mji Mkongwe na hoteli za pwani ya mashariki.

Masika haya malalamiko yamezidi. Sabuni zinafika zimetoka majimaji, karatasi imegandana na kipande, wino wa lebo umesambaa. Na zinachelewa. Mnunuzi mmoja wa hoteli ametuambia wazi kwamba mzigo wa msimu wa wageni ukimfika vile vile, ndiyo basi tena.

Kamati ilikaa, na yaliyosemwa ni yale yale ya mwaka jana. Wapishi wa sabuni wazembe. Wapishi wakasema wafungaji ndio wenye pupa. Wafungaji wakamtupia mchukuzi wa bandarini. Kila mtu ana mkosaji wake na hapana karatasi hata moja inayoonesha kitu. Nimeomba ruhusa tuutumie msimu huu wote kufanya kazi kwa zana zinazotumika viwandani kupanga na kutatua matatizo, na tuzifuate kwa mpangilio wake. Bi Mwenyekiti ameridhia, kwa sharti kwamba pasiwe na mtu atakayetahayarishwa mbele za watu. Sharti hilo nimelipenda, kwa sababu ndilo lililo ndani ya zana zenyewe.

Kwa atakayesoma bila kuzijua: zana hizi ni mafungu mawili, na yote mawili yalikomazwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chini ya Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa nchi hiyo, unaojulikana kwa kifupi JUSE, ulioundwa mwaka 1946. Fungu la kwanza linashughulika zaidi na hesabu: karatasi ya alama, mchoro wa Pareto, mfupa wa samaki na wenzake. Fungu la pili lilikusanywa miaka ya 1970 na kutolewa kitabuni mwaka 1979. Hilo ni la maneno na mipango, pale ambapo tatizo liko vichwani mwa watu na bado halijawa tarakimu. Mimi naona vikundi kama vyetu vinalihitaji fungu la pili kuliko viwanda vikubwa. Maneno tunayo tele, ila tumekosa chombo cha kuyapanga.

Aprili, bamvua

Hapana kikao. Bamvua likiingia, bahari ikajaa sana na kupwa sana, kinamama wote wako pwani na kamba zao, na atakayeitisha mkutano wakati huo atakutana na viti vitupu. Tumeamua tangu leo: kazi zote za mezani ziwe za maji mafu. Kalenda ya mradi nimeichora upya kwa kufuata mwezi.

Kazi ya bamvua hili ni karatasi ya alama tu. Nimebandika manila mlangoni mwa stoo yenye picha badala ya maandishi: tone la maji kwa sabuni iliyotoka jasho, ufa kwa iliyopasuka, karatasi iliyochanika kwa lebo mbovu, unga juu ya kipande kwa ile inayofanya weupe, na jahazi kwa mzigo uliochelewa. Kila kipande kinachorudi, na kila simu ya lalamiko, anayepokea anapiga mstari mmoja kwenye picha yake. Haandiki jina la mtu wala nani aliyepika siku ile.

Mei, maji mafu ya kwanza

Tumeishusha manila. Tone na jahazi vimebeba zaidi ya nusu ya mistari yote. Ufa, ambao kamati imeugombea tangu mwaka jana hadi kufikiria kubadilisha mafuta, una mistari ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hili ndilo jambo ambalo Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa Marekani, alilipa jina la Pareto, Mtaliana aliyechunguza namna mali ilivyogawika kwa watu wachache: mara nyingi sababu chache ndizo zinazozaa sehemu kubwa ya hasara. Kulisema ni rahisi. Lakini kuwaona wapishi wetu wakiitazama ile picha ya ufa na mistari yake michache, baada ya mwaka mzima wa kulaumiwa kwa ajili yake, kulinitosha kuamini kwamba karatasi ile ina kazi.

Ufa tumeuweka kando. Tunashughulika na tone na jahazi.

Mei, maji mafu ya pili

Leo ilikuwa siku ya kadi, na nataka kuieleza kwa urefu.

Njia hii ilianzishwa na Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia wa Kijapani aliyekuwa akirudi kutoka nyanjani, Nepal na kwengineko, na lundo la maelezo asiyojua ayapange vipi. Akawa anaandika kila jambo kwenye kadi yake, anazitandaza, kisha anaziacha kadi zijikusanye kwa jinsi zinavyokaribiana, badala ya kuzitia kwenye visanduku alivyovitayarisha mwanzo. Wajapani huanza na jina la ukoo, kwa hivyo njia ikaitwa KJ.

Tulikaa kwenye mkeka chini ya banda. Swali lilikuwa moja: "Nini kinafanya sabuni ifike mbaya au ifike imechelewa?" Kila mtu kadi zake, jambo moja kwa kadi, sentensi nzima, na hakuna kusemezana. Wazee wetu kadhaa hawana raha na herufi za kilatini, lakini chuoni, yaani madrasa, walisoma, na Kiswahili wanakiandika kwa herufi za Kiarabu bila ya shida. Waliandika hivyo. Nilimwomba binti mmoja aandike chini ya kila kadi maneno yale yale kwa kilatini, basi. Katika kadi hizo za wazee ndimo lilimotoka jambo ambalo halijapata kusemwa kikaoni: mwani unasagwa na chumvi yake, hauoshwi kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, vya kutosha wakati wa kiangazi visima vikipungua.

Kisha kukusanya. Watu wote wamesimama kuzunguka mkeka, wanahamisha kadi kimya. Binti wa stoo, mdogo kuliko wote pale, aliichukua kadi iliyosema "oda zinapokewa kwa simu" akaiweka pembeni ya "sabuni bado laini ikifungwa." Bi Mwenyekiti akaitoa akairudisha kwenye mambo ya biashara. Binti akairudisha. Bi Mwenyekiti akaitoa tena, na safari hii sheria ya ukimya ikamshinda.

"Mwanangu, hii siko kwake."

"Ndiko, bibi."

Akanyamaza, na mimi nikafanya kama inavyofundishwa: kadi inayogombewa haiamuliwi kwa kura wala kwa umri. Inaandikwa nakala ya pili, na kila kundi linapata yake. Mkutano ungekuwa wa maneno, binti yule asingethubutu, na hata angethubutu, neno la mkubwa lingelifunika lake na sote tungeitikia. Kwenye mkeka kadi haina umri.

Makundi yaliyopatikana tumeyapa majina ya sentensi, si ya neno moja. "Sabuni inafungwa haijakauka." "Tarehe inatolewa kabla ya kuulizwa stoo." "Mwani unasagwa na chumvi." "Safari ya bahari haiko mikononi mwetu." Na mengine.

Mei, siku za baina

Mfupa wa samaki kwa ajili ya lile tone. Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa Kijapani, ndiye aliyeutia katika kazi za viwanda, na ndiye pia aliyesimama nyuma ya vikundi vidogo vya wafanyakazi vya kuboresha kazi, vilivyoanza Japani mwaka 1962. Kichwa cha samaki ni tatizo, mifupa mikubwa ni watu, vifaa, malighafi, njia ya kazi, mazingira na vipimo. Hatukuhitaji muda mrefu kwa sababu kadi zilikuwa tayari.

Mifupa miwili ilibaki na nyama. Wa malighafi: chumvi ya bahari inavuta unyevu, na glisirini inayobaki ndani ya sabuni ya mkono nayo inavuta unyevu wa hewa, seuze hewa ya masika. Wa njia ya kazi: kufunga mapema. Sabuni inayokorogwa bila kupikwa motoni inataka wiki 4 hadi 6 rafuni ili maji yaliyomo yatoke. Ukiifunga karatasi kabla ya hapo unayafungia maji ndani.

Mfupa wa samaki unatoa dhana tu, hauthibitishi. Vikundi vingi vinakomea hapo na kuanza kutengeneza. Sisi tumegawa trei moja ya mpiko mmoja: nusu imefungwa ikiwa na wiki 2, nusu inaachwa wazi rafu ile ile. Kila wiki vipande vichache vya upande ulio wazi vinapimwa kwenye mizani ya jikoni na uzito unaandikwa.

Juni, maji mafu ya kwanza

Trei imejibu. Vilivyofungwa mapema vimenata kwenye karatasi na vinateleza mkononi. Vilivyoachwa vimekuwa vikipungua uzito wiki hadi wiki, kisha vikasita, na vilipofungwa baada ya kusita havikutoka jasho. Tumepata kipimo kilicho bora kuliko kalenda: sabuni imekauka pale uzito wake unapoacha kushuka. Masika inachelewa, kaskazi inawahi, na mizani ndiyo inayosema.

Basi kwa nini ilikuwa ikifungwa mapema, na wafungaji wote wanajua kwamba haijakauka? Hapo tukautandaza mchoro wa mahusiano. Yale majina ya makundi yamepangwa duara kwenye manila, na kwa kila mawili tunauliza: lipi linalisababisha jengine? Mshale mmoja tu unaruhusiwa, wa upande mmoja. Watu hapa walibishana hasa, na ubishi ulikuwa mzuri kwa sababu ulikuwa juu ya mshale na haukuwa juu ya mtu.

Mishale ilipohesabiwa, "Sabuni inafungwa haijakauka" iliingiwa na mishale kutoka kila upande, yaani ni matokeo. Iliyotoa mishale mingi kupita zote ni "Tarehe inatolewa kabla ya kuulizwa stoo." Mnunuzi anapiga simu, anayepokea anataka kumridhisha, anasema "wiki mbili inshallah," na kutoka hapo kila mtu wa kikundi anakimbizwa na tarehe ambayo sabuni yenyewe haiwezi kuitimiza. Wafungaji wanafunga mbichi. Mchukuzi anapelekewa mzigo wakati boti imeshang'oa.

Kadi ya binti wa stoo ilikuwa mahali pake. Bi Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema: "Basi tatizo liko kwetu sie tunaoshika simu. Na tulitengeneze." Hapakuwa na aliyetahayari.

Juni, maji mafu ya pili

Mchoro wa mti, kutoka lengo kwenda kazi ndogo ndogo. Shina: "Sabuni ifike kavu, siku tuliyoahidi." Kila tawi linaulizwa "vipi?" mpaka tufike kwenye jambo ambalo mtu anaweza kuamka kesho akalifanya: kununua mizani ya pili, kuongeza rafu za waya, kuchimba shimo la kuvunia maji ya mvua, kuandika maneno ya kumjibu mnunuzi kwenye simu.

Baadaye jedwali la kazi na watu. Kazi upande mmoja, watu upande mwengine, na alama za Kijapani kwenye makutano: duara mbili kwa mwenye dhamana, duara moja kwa msaidizi, pembetatu kwa wa kuarifiwa tu. Tulipomaliza kulijaza, safu ya mshika fedha ilikuwa duara mbili karibu juu hadi chini. Anapokea oda, ananunua mafuta, anasimamia stoo, anakwenda bandarini. Hakupata kulalamika hata siku moja. Tumezigawa upya dhamana hizo, na stoo sasa ni ya binti wa stoo kwa duara mbili.

Mchoro wa mishale wa muda ndio uliowafungua macho wapishi. Zana hii ina ndugu zake Marekani: jeshi la majini la huko lilipanga kwa mtindo huo mradi wa makombora ya Polaris mwaka 1958. Kwetu ni sabuni, hesabu ni ile ile. Mwani kuoshwa na kuanikwa, siku 2 au 3 za jua. Kusaga, siku 1. Kukoroga na kumimina, siku 1. Kukata vipande, siku ya pili yake. Kukauka, wiki 4 hadi 6. Kufunga, kisha gari hadi Wete au Mkoani, kisha boti. Lebo zinachapishwa sambamba na ukaukaji, kwa hivyo haziongezi hata siku moja.

Njia ndefu kuliko zote ndiyo inayoamua siku ya kumaliza, na njia yetu ndefu inapita rafuni. Mpishi akikesha usiku kucha anaokoa saa chache tu katika wiki hizo zote. Miaka yote tumekuwa tukiwahimiza wapishi, sehemu ambayo haraka haisaidii kitu.

Uamuzi: oda mpya haiahidiwi chini ya wiki 7, na 8 wakati wa masika. Pia tutakoroga kabla ya kuagizwa, rafu iwe na sabuni kavu ya akiba muda wote.

Julai, maji mafu

Wanunuzi wameambiwa. Wa hoteli yule aliyetuonya amekubali mara moja, tena kasema anachotaka ni tarehe ya kweli. Duka moja la mjini limetuacha, halikuweza kungoja. Tumelipoteza, na tumeliandika kwenye hesabu ya mradi kama gharama.

Kisha ile zana ninayoipenda kuliko zote, mchoro wa "ikiwa." Unauchukua mpango, na kwenye kila hatua unauliza nini kinaweza kuharibika na tutafanya nini. Jawabu linalowezekana linapigwa duara, lisilowezekana msalaba. Watu wa bahari hawahitaji kufundishwa hili. Nahodha haondoki bila kujua atajibanza wapi upepo ukigeuka. Mara hii tumeliandika tu.

Ikiwa kusi imechafua bahari na boti haikuondoka: mzigo uwe bandarini siku mbili kabla ya boti ya mwisho tunayoihitaji. Duara. Ikiwa umeme umekatika siku ya kusaga: tukodi jenereta. Msalaba, gharama yake inakula faida ya trei nzima. Badala yake tusage akiba ya unga kila umeme ukiwepo. Duara.

La karafuu ndilo lililotuchukua muda. Zao likikubali, mikono yote inakwenda mashambani, mchana kuchuma na usiku kuchambua, na pesa yake ni ya papo hapo. Huwezi kumwambia mtu aache kuchuma aje kukoroga sabuni, na mimi sitomwambia. Mawazo ya kuwalipa zaidi yalipigwa msalaba. Lililopata duara ni kukoroga kwa wingi kabla ya karafuu kuiva, ili sabuni ikauke yenyewe tukiwa mashambani. Wiki zile za rafuni, zilizokuwa adui yetu mwezi uliopita, sasa zinatufanyia kazi.

Agosti, bamvua

Wako pwani. Manila mpya iko mlangoni, picha zile zile.

Nimeulizwa na mwenzetu kuhusu zana ya saba ya lile fungu la pili, ile ya kuchambua data za jedwali. Tumeiruka. Inataka tarakimu nyingi na hesabu nzito, na sisi hatuna tarakimu hizo. Afadhali sita zitumike kwa ukamilifu.

Septemba, maji mafu

Mistari ya tone imebaki michache, yote ya vipande vilivyofungwa kabla ya kanuni mpya. Jahazi bado lipo. Tumechelewa pale boti zilipositishwa kwa ajili ya upepo, ila mara zote mnunuzi aliarifiwa kabla na hapana oda iliyorudishwa. Imeingia picha mpya tuliyolazimika kuichora, pua, kwa harufu ya makonyo inayopotea sabuni ikikaa rafuni muda mrefu. Hilo ni tatizo jipya lililoletwa na dawa ya tatizo la zamani, na litaanza na kadi kama mengine.

Kanuni zilizothibitika tumezipaka rangi ukutani mwa stoo, maana W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu, alipokuwa akiwafundisha Wajapani kuanzia mwaka 1950, msisitizo wake ulikuwa kwamba kupanga, kufanya na kukagua hakutoshi mpaka ulichojifunza kiingie katika kazi ya kila siku. Ukutani panasomeka, kwa kilatini na kwa herufi za Kiarabu: mwani uoshwe kwa maji baridi mara mbili, usifunge mpaka uzito usimame, usitoe tarehe kabla ya kuuliza stoo.

Kikundi cha jirani cha Tumbe kimetuma watu wawili kuja kutazama. Tumewapa manila, kadi tupu, na nafasi kwenye mkeka wetu wakati wa kadi za harufu.

Kazi zilizobaki kabla ya vuli: shimo la maji ya mvua bado halijasakafiwa, rafu za waya zimefika nusu, na maombi ya alama ya ubora kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar yanangoja daftari la uzito likamilike. Dhamana ya daftari ni ya binti wa stoo. Kikao kijacho ni maji mafu ya Oktoba, banda lile lile, baada ya sala ya alasiri.